Soka Haiko Damuni, Iko Kwenye Ratiba

Keti kwenye kibanda chochote cha chai hapa Shieywe, mjini Kakamega, siku ambayo Green Commandos wa Kakamega School wameshinda mechi kubwa. Kabla hujamaliza kikombe utaisikia kauli ile ile: "Sisi Waluhya mpira uko damuni." Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia kwenye matatu ya kwenda Mumias, utaisikia redioni. Wanaotaka kuipamba huongeza methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi ni mzaliwa wa huku, na ngoma ya isukuti ikilia katika uwanja wa Bukhungu moyo wangu hunyanyuka kama wa shabiki mwingine yeyote. Lakini nasema wazi kwamba kauli hiyo si kweli, na inatugharimu sana.

Tuanze na Ingwe wenyewe, yaani AFC Leopards. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha vilabu vya Waluhya. Ilipofika miaka ya themanini ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: 1982, 1983 na 1984. Ligi kuu ya Kenya iliishinda mwaka 1998. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, ambao taji lilichukuliwa na Kenya Police, Ingwe haikulishika tena. Niambieni, damu ya Mluhya iliharibika mwaka 1998? Akina mama wa Butere, Malava na Ikolomani waliacha kuzaa wachezaji? Damu ni ile ile. Kama ushindi ungekuwa ndani yake, kabati la Ingwe lingekuwa limejaa pomoni.

Sasa tazama raga. Kwa miongo mingi Kombe la Kenya lilikuwa hasa mali ya vilabu vya Nairobi, na hakuna aliyesema Mluhya kazaliwa na raga. Kisha klabu ya Kabras Sugar ikapata mdhamini anayelipa, makocha na uwanja wa nyumbani hapa Kakamega. Ikanyanyua kombe hilo mwaka 2016, halafu 2022, 2023 na 2024. Leo watu wale wale wa kibandani wanatuambia raga nayo iko damuni. Damu gani hii inayosubiri mdhamini ndipo ichemke?

Na wasichana je? Hapa ndipo hoja ya damu inapovunjika vipande. Kaka na dada wamelala tumbo moja na kunyonya ziwa moja. Kama mpira unarithiwa, dada angeuonyesha siku ile ile alipouonyesha kaka. Lakini kwa miaka mingi hatukusikia habari za wasichana, kwa sababu hakukuwa na mashindano yao ya maana. Mashindano yalipowekwa na kupewa uzito, wakajitokeza. Shule ya Butere Girls, iliyoanza mwaka 1916, katika miaka ya karibuni imekuwa miongoni mwa timu zinazoogopwa katika soka ya wasichana nchini. Wasichana hao hawakuongezewa damu. Walipewa ratiba.

Ratiba ndiyo neno ninalotaka tulishike. Kila mwaka shule zetu hupanda ngazi: kanda, kaunti ndogo, kaunti, eneo zima la Magharibi, taifa, kisha Afrika Mashariki. Mtoto mgeni shuleni anajua tangu Januari kwamba mechi ipo, mpinzani yupo, na mwakani itakuwepo tena. Kocha wa Kakamega School anajua wapinzani wao wa shule ya Musingu wanamsubiri, kwa hiyo anaamsha vijana alfajiri. Upinzani huo wa Musingu na Kakamega, unaorudi mwaka baada ya mwaka, umewafunza vijana wetu mambo ambayo hakuna mzazi awezaye kumwachia mwanawe urithi. Mashindano ya Afrika Mashariki yalipofanyika hapa Kakamega Agosti 2025, kila timu tuliyoiona ilikuwa imepanda ngazi ya namna hiyo kwao. Na janga la korona lilipozuia michezo hiyo mwaka 2020 na 2021, kuna vijana waliomaliza shule bila kuonekana na mtu yeyote. Damu ilikuwepo. Ratiba haikuwepo.

Wanaodhani haya ni ya huku tu nawaomba watazame mchezo ambao hatuufuatilii: softiboli, binamu wa besiboli, ambao mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa mkono ukipita chini. Huko Marekani huchezwa sana na wasichana wa shule na vyuo. Mwaka 1972 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kubagua kwa jinsia. Wasichana waliokuwa wakishiriki michezo katika shule za sekondari wakati huo hawakufika 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kuandaa ubingwa wa softiboli mwaka 1982.

Kwa miaka mingi mataji hayo yalikwenda magharibi mwa Marekani, hasa kwa UCLA ya California na chuo cha Arizona. Mtu wa damu angesema wasichana wa magharibi wamezaliwa nayo. Lakini mwaka 1997 muungano wa vyuo vya kusini-mashariki, SEC, ukaanzisha msimu wake wa softiboli pamoja na mashindano yake ya ubingwa. Bingwa wake alijihakikishia nafasi katika mashindano ya taifa, kwa hiyo kila chuo kilikuwa na sababu ya kuajiri kocha na kujenga uwanja. Miaka 15 baadaye, mwaka 2012, Alabama ikawa timu ya kwanza ya SEC kuwa bingwa wa taifa. Florida ikafuata 2014 na 2015. Miaka 15 haitoshi kubadilisha damu ya watu. Inatosha kulea kizazi kimoja kinachojua mwakani kutakuwa na mechi.

Na tusiseme hayo ni ya matajiri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji wa sukari nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, wakaishinda timu ya jimbo la Oregon 3-2. Nani aliyewahi kusema Waganda wana besiboli damuni?

Najua jibu litakalokuja: mbona nyumba nyingine zinatoa wachezaji watatu, wanne? Ni kweli zinatoa. Lakini mtoto anayekua akimwona kakake akifunga viatu kila jioni amelelewa na mpira, hakuzaliwa nao. Wahenga walitupa methali iliyo bora kuliko ile ya nyoka: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu imani ya damu ni kisingizio cha uzembe. Kiongozi anayeamini vipaji vinaota vyenyewe haoni haja ya kulipia basi la timu ya kanda, mipira, wala marefa wa mechi za chini. Hujitokeza siku ya fainali kupiga picha na kombe. Mwalimu aliyekesha na vijana hasifiwi, maana sifa zote zimekwenda kwa damu. Na mtoto wa Shieywe asiyetoka kwenye nyumba ya wachezaji huambiwa mapema kwamba mpira si wake, akaamini, akaacha.

Bukhungu tumejengewa, na ni vyema. Lakini uwanja usio na ratiba ni malisho ya mbuzi. Ninachowaomba viongozi wa kaunti, walimu wakuu na wazazi ni kitu kimoja: wekeni fedha kwenye mechi za kanda, za wavulana na za wasichana kwa usawa, na zichezwe kila mwaka bila kukosa. Nanyi wasomaji wangu, mara nyingine mtakapomsifu kijana aliyefunga bao, msiulize ni wa ukoo gani. Ulizeni nani alimfundisha, na alicheza mechi ngapi kabla ya hiyo.