Kipolandi Hakina Kosa

Kuna aina ya maandiko ambayo haichoki kuzaliwa. Mgeni kutoka Uingereza, Marekani au kwingineko huhamia Warszawa au Kraków, akapanga nyumba, akapata kazi, na baada ya miaka mitatu minne akaketi kuwaeleza walimwengu maisha ya Wapolandi. Andiko lenyewe hujulikana kabla halijasomwa: pierogi ni tamu, baridi ni kali, karani wa ofisini hatabasamu, na lugha haitamkiki. Kisha hutolewa neno chrząszcz, ambalo ni jina la mdudu tu, likaanikwa kama kioja cha mnadani. Msomaji hucheka, na kesi ikafungwa.

Kesi hiyo haifai kufungwa. Katika maandiko hayo Kipolandi hushitakiwa kwa kosa la sikio la mgeni. Asiyesikia husema kuwa hakuna linalosemwa, na asiyejibu huwaita wenyeji mabubu.

Na lianze hilo la matamshi. Herufi sz ni sauti moja, karibu na sh ya Kiswahili. Cz nayo ni karibu na ch. Neno barszcz, jina la mchuzi mwekundu wa bitiruti, huogopesha macho kuliko linavyousumbua ulimi. Mgeni anayeziona herufi nne na kulia kuwa amezibwa njia ni sawa na yule anayeliona neno ng'ombe akadai kuwa Waswahili hawana vokali. Zaidi ya hapo, Kipolandi hutia mkazo, aghalabu, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: herbata, kobieta, Warszawa. Mpwani hahitaji kufundishwa mdundo huo, kwani ndio alionyonya kwa mama yake.

Mdundo huo ndio uliozaa ushairi ambao wakazi hao wageni hawautaji hata kwa makosa. Adam Mickiewicz alipoutoa utenzi wake Pan Tadeusz mjini Paris mwaka 1834, akiwa uhamishoni, aliutunga kwa mistari ya mizani 13, yenye kituo baada ya mizani ya 7, mistari miwili miwili ikiitikiana vina. Kabla yake, Jan Kochanowski alikuwa amekwisha kumlilia bintiye mdogo, Urszula, katika mfululizo wa tungo za maombolezo uliochapishwa mwaka 1580. Msomaji aliyezoea kupima ukwapi na utao atauelewa ufundi huo kabla hajaelewa neno hata moja. Lugha inayopimwa kwa mizani namna hiyo itaitwaje kelele?

Husemwa pia kuwa Wapolandi ni watu baridi. Ni kweli kwamba Mpolandi hamchekei kila apitaye njiani. Lakini aingiapo katika chumba cha kumsubiri daktari, au katika kijiduka cha mtaani, husema dzień dobry, yaani siku njema, na waliomo humwitikia. Mgeni aingiaye kimya akiwa na tabasamu lake mkononi kama noti ya dola, ndiye aliyekosa adabu, naye hajui.

Adabu hiyo imo ndani ya sarufi. Mtu mzima asiyezoeleka haambiwi "wewe", huzungumzwa kwa nafsi ya tatu, kwa pan kama ni mwanamume na pani kama ni mwanamke: "Je, bwana atakunywa chai?" Kuivuka mipaka hiyo hutaka idhini, na aghalabu mkubwa ndiye huitoa. Jina nalo hubadilika kwa heshima ya mwenyewe: Anna akitajwa hubaki Anna, akiitwa huwa Anno. Mtoto wa pwani aliyefunzwa shikamoo kabla ya kufunzwa kuhesabu hataona ubaridi hapo. Ataona watu wanaojua kuwa umbali nao ni heshima, na kwamba ukaribu hupewa, haunyakuliwi.

Sarufi ni ngumu, hilo halikanushwi. Nomino zina hali 7, na "wawili" wa mabwana ni dwaj, wa mabibi ni dwie, wa watoto ni dwoje. Lakini asemaye watu wawili, miti miwili na vitabu viwili ana haki gani ya kustaajabu?

Ugumu huo umelipiwa gharama. Poland iligawanywa na majirani zake mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, ikafutika kwenye ramani hadi 1918. Nchi ilipokosekana, lugha ndiyo iliyokuwa nchi. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Prussia, watoto wa shule walichapwa kwa kukataa masomo ya dini kwa Kijerumani. Wazazi waliolalamika walifikishwa mahakamani. Mtoto alistahimili kiboko ili asali kwa Kipolandi. Mgeni mwenye kitabu, mwalimu na muda hushindwa kuomba mkate kwa lugha hiyo, kisha hugeuza kushindwa kwake kuwa mzaha wa kuuza.

Haki haina budi kutajwa upande wa pili. Wako wakazi wageni, hasa weusi, waliotukanwa barabarani kwa Kipolandi kilichotamkwa vizuri sana. Hao wasiambiwe wakajifunze mizani ndipo waheshimiwe. Hata hivyo, tazama walichokifanya. Mwaka 2020 wanawake weusi wa Poland walisimama hadharani kulipinga neno Murzyn, walilokuwa wakiitwa, na baadaye Baraza la Lugha ya Kipolandi likatoa maoni kwamba neno hilo liepukwe katika mazungumzo ya hadhara. Waliifanya lugha itazame upya maneno yake kwa sababu walikuwa ndani yake. Anayepiga kelele nje ya dirisha hasogezi hata kiti.

Pwani inawafahamu wageni wa namna hii. Wamekaa hapa miaka 10, wakaondoka na "jambo" na "polepole", wakaandika kwamba wenyeji ni wachangamfu lakini wavivu. Mswahili aliyechukizwa na vitabu hivyo asicheke akisoma vya Poland. Dharau ni ile ile, imebadilishwa koti tu.

Usiku wa tarehe 24 Desemba, Wapolandi huweka mezani sahani moja zaidi kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Kila mwaka wakazi hao husifu desturi hiyo, wakahesabu vyakula vyake 12, wakavipiga picha. Sahani ile haikuwekwa ili ipigwe picha. Iliwekwa kwa mtu atakayebisha hodi, akasema siku njema, akakaa, akazungumza na waliomkaribisha.