Acheni kufomati kompyuta za watu!

Leo nilipanga kuendelea na somo letu la Python, lakini kuna jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa sitalala. Python itangoja.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na karani wa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, upande wa Njoro. Kompyuta yao ya ofisini, inayotumia Ubuntu, ilikuwa imekataa kuwaka. Stima ilipotea usiku, na iliporudi asubuhi skrini ikajaa maandishi ya Kiingereza kisha ikaganda hapo. Ilikuwa tarehe 27. Ndani ya diski ile mlikuwa na kilo za maziwa za kila mwanachama tangu mwezi uanze. Bila kilo hakuna malipo, na bila malipo kuna watoto ambao hawataenda shule. Bekapu ya mwisho? Ya miezi miwili nyuma.

"Kijana wangu," akaniambia, "hapa kuna fundi. Anasema Linux imeharibika, dawa ni kufomati na kuweka Windows. Elfu moja mia tano. Nimwambie aanze?"

"Mama, tafadhali, asiguse kitu! Izimeni kabisa, nakuja." Nikakimbilia matatu.

Nilipofika niliwasha kompyuta na kufanya jambo ambalo fundi hakulifanya: nilisoma. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Kwa Kiswahili cha kawaida, kompyuta inalia hivi: "Nimeamka, lakini sioni njia ya kuifikia diski." Haisemi kwamba diski imekufa, wala kwamba data imepotea.

Nieleze kidogo. Linux inapoamka, programu ndogo iitwayo GRUB huita keneli, yaani moyo wa mfumo. Pamoja na keneli huja faili inayoitwa initrd. Ichukulie kama mkoba wa fundi: ndani yake mna vifaa ambavyo keneli huhitaji ili kuifikia diski. Keneli ikija bila mkoba wake, inasimama mlangoni mikono mitupu.

Mkoba ulienda wapi? Kompyuta ile hujisasisha yenyewe. Sehemu ya diski iitwayo /boot ilikuwa ndogo, na ilikuwa imejaa keneli za zamani. Keneli mpya ilipoingia, nafasi ya kuandika initrd yake haikubaki. Kompyuta haikuonyesha dalili yoyote, kwa sababu keneli mpya haitumiki mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Kwa hiyo kosa lilikuwa limelala pale siku kadhaa, na stima ilipopotea ndipo likafichuka. Wote walilaumu stima, na mara hii, jamani, stima haikuwa na hatia!

Dawa yenyewe ni hii. Kompyuta ikianza kuwaka, shikilia Shift, au kwa mashine mpya bonyeza Esc, mpaka menyu ya GRUB itokee. Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha chagua keneli ya zamani. Ikawaka! Jambo la kwanza, kabla ya ufundi wowote, nikanakili rekodi zote za maziwa kwenye diski ya nje. Kisha:

df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo dpkg --configure -a
sudo update-grub

Amri ya kwanza ilinionyesha kwamba /boot imejaa. Ya pili iliondoa keneli zisizohitajika. Ya tatu ilimalizia kazi iliyokatika, na mkoba ukaandikwa. Ya nne iliijulisha GRUB. Nikazima, nikawasha, ikaamka na keneli mpya. Dakika 20 hivi, na chai nikanywa.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Hapa mjini Nakuru, kuanzia Kenyatta Avenue hadi vibanda vya mitaani, kufomati kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta ni nzito? Fomati. Imekataa kuwaka? Fomati. Ukiuliza, unaambiwa mteja ana haraka, na kufomati huchukua saa moja tu. Saa moja ya nani? Ya fundi! Je, saa za karani atakayezunguka boma kwa boma akiuliza kila mfugaji alileta kilo ngapi, nani anazihesabu?

Kufomati bila kusoma ujumbe ni sawa na daktari anayemzika mgonjwa kwa sababu amezimia. Tena unachoma ushahidi, usijue kamwe ni nini kilitokea, kwa hiyo mwezi ujao yatatokea yale yale.

Mfano mzuri ni wa tarehe 13 Agosti 2024. Siku hiyo Microsoft ilitoa sasisho la Windows, na kompyuta nyingi zenye Windows na Linux pamoja zikakataa kuwasha Linux, zikiandika "Security Policy Violation". Diski zilikuwa nzima na Linux zilikuwa nzima. Kilichobadilika ni orodha ya usalama iliyo nje ya diski, kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe. Aliyefomati alipoteza data yake, kisha akachomeka flashi ya zamani ya kusakinishia Linux, nayo ikakataliwa kwa ujumbe ule ule! Aliyesoma alizima Secure Boot kwa muda, akaingia kwenye Linux yake, akaifuta orodha ile.

Na hatuzungumzii maziwa peke yake. OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika hapa hapa Bonde la Ufa, mjini Eldoret, mwaka 2006, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Hebu fikiria seva ya namna hiyo ikikataa kuwaka Ijumaa jioni, na fundi wa fomati ndiye wa kwanza kufika.

Mimi si malaika. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, laptopu ya shangazi yangu ilikataa kuwaka baada ya kusasishwa. Nikajifanya mjuzi, nikafomati bila kuuliza. Ndani mlikuwa na picha za mazishi ya babu, picha pekee zilizokuwepo. Shangazi hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, mwanangu." Maneno hayo mawili bado yananiuma.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu. Piga picha ya skrini kwa simu kabla ya kugusa chochote. Jaribu keneli ya zamani. Ikishindikana, washa kwa flashi yenye Linux, ufungue diski, unakili data ya mwenyewe. Ndiyo, kuna siku diski imekufa kweli, na kuna siku kufomati ndiyo njia iliyobaki. Lakini hiyo iwe hatua ya mwisho, data ikiwa salama mkononi, na mwenye mali awe amekubali akijua anakubali nini.

Nawe mwenye kompyuta, fundi akitamka neno "fomati", muulize swali moja tu: "Ujumbe ulioko kwenye skrini unasema nini?" Akishindwa kujibu, chukua kompyuta yako uende nyumbani.

Wafugaji wa Njoro walilipwa mwisho wa mwezi. Tukutane tena kwenye Python.