Wadogo Nao Wapewe Mbao za Ndege

Naomba nafasi katika jarida letu niseme machache juu ya jambo lililozuka muhula huu katika chama chetu cha waundaji wa ndege ndogo. Wazazi wengi hawakijui chama hiki, na hata baadhi ya walimu hudhani sisi ni watoto tunaorusha karatasi. Sivyo. Sisi huunda glaida, yaani ndege isiyo na injini, kwa mbao za balsa, tukairusha kwa mkono Jumamosi asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza.

Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka Ekuador. Ni nyepesi ajabu: mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 160 tu, hali maji ya kadiri hiyo ni kilo 1,000. Hukatwa kwa wembe. Lakini mbao zake si sawa zote. Mbili za kipimo kimoja zaweza kupitana uzito hata mara mbili, kwa hiyo yafaa kuzipima kwanza mkononi, ngumu iwe ya kiwiliwili, nyepesi iwe ya mabawa. Mwaka huu mzazi mmoja alituletea mbao 12 kutoka Dar es Salaam. Sasa zimebaki 4.

Kwa sababu ya uchache huo, sisi wa kidato cha nne tuliamua kwamba vijana wa kidato cha kwanza wasiguse mbao. Kazi yao iwe kuokota ndege zinapoanguka. Hoja yetu ilikuwa kwamba wadogo huvunja. Mimi nami niliunyosha mkono kukubali, na leo nataka kuukana mkono huo.

Glaida yangu ya muhula huu niliifanyia kazi majuma matatu. Nilisugua msasa hadi vidole vikaniuma. Mabawa niliyainua nchani kama herufi V iliyopanuka sana, ili ndege ikiinama upande mmoja ijirudishe yenyewe. Puani nikabandika udongo mpaka ikatulia sawasawa juu ya vidole viwili, nilipoishika karibu theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Nikairusha. Ikapinda kushoto, ikajikita majanini. Nikasema ni upepo. Mara ya pili, kushoto tena. Nikasema ni umande. Mara ya nne ncha ya bawa ikavunjika, nami sikuwa na kitu kingine cha kulaumu.

Mwokotaji wetu akaniletea kwa mikono miwili. "Samahani, kaka," akasema, "bawa la kushoto limejisokota. Mimi huiona ikija."

Nilikaribia kumkemea. Kisha nikaiinua ndege mbele ya macho, pua ikinielekea, nikaona: kwenye ncha ya bawa la kushoto, ukingo wa nyuma umeinuka kiasi cha unene wa kucha. Gundi ililivuta ilipokuwa ikikauka. Majuma matatu niliitazama ndege ile kutoka nyuma na kutoka juu, wala sikuitazama hata mara moja kutoka mahali anaposimama yeye. Tukalipitisha bawa juu ya mvuke wa birika, tukalinyosha polepole, tukaiunga ile ncha. Jumamosi iliyofuata iliruka sekunde 14 kwa saa ya mwalimu, ikatua nyuma ya goli.

Wenzangu husema kwamba kijana yule ana jicho, lakini hana mkono. Mkono ataupata wapi, ikiwa hashiki wembe? Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi wa baiskeli. Glaida yao ya mwaka 1901 haikuinua uzito kama walivyohesabu, wakarudi kwao wamevunjika moyo. Ndipo wakaunda sanduku la kupitisha upepo, wakajaribu maumbo ya mabawa kama 200, na glaida ya mwaka 1902 ikaruka vizuri. Injini ilikuja mwaka 1903. Nani angewapa mbao, kama kuharibu kungekuwa sababu ya kunyimwa?

Tena Novemba tuna mtihani, halafu tunaondoka. Chama kitabaki na waokotaji watupu.

Najua mbao ni chache, na wengine watazipasua bure. Basi kwanza wakate mifano ya maboksi, na atakayeweza kukata mstari ulionyoka apewe. Mbao 2 ziwe zao. Wakizivunja, zimevunjika; zangu nazo zilivunjika.

Mkutano wa chama utakuwa Jumamosi ijayo. Nimekwisha kumwambia mwenyekiti kwamba fungu langu apewe yule mwokotaji. Ameanza kuchora bawa lake nyuma ya daftari la hesabu. Naona ni refu mno, lakini sijamwambia.