Kiharusi Hakingoji Kesho

Baba akiamka hapo Lizaboni mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki na ulimi mzito, usitafute aliyemroga. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka, na kila dakika chembe za ubongo zinakufa.

Wataalamu wangali wakijaribu chembe shina, zile changa ziwezazo kugeuka chembe za namna nyingine, waone kama zitaukinga ubongo. Asikuuzie mtu tiba hiyo leo.

Uchunguzi wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta kiharusi mjini Dar es Salaam kikizidi kile cha vijijini Hai karibu mara tatu. Basi sisi wa mjini tupime shinikizo la damu. Na kikitokea, mkimbizeni mgonjwa hospitali saa ile ile. Chembe iliyokufa hairudi.