Majina ya wahami yako kwenye wingu: nani anakesha?

Mtu akikimbia masasi Masisi ama Walikale, hafiki na vitu vingi. Pale anapopokelewa anaandikwa kwanza: jina, umri, kijiji alikotoka, hesabu ya watoto, namba ya simu, mara nyingine picha na alama za vidole. Zamani orodha hiyo ilibaki katika daftari ya chefu. Leo inaandikwa kwenye simu, na mtandao ukipatikana inatumwa kwenye mashine zilizo mbali sana. Hilo ndilo wanaloita wingu: kompyuta za watu wengine, zinazotumiwa kupitia intaneti.

Kwingine, mwizi wa orodha anatafuta pesa. Kwetu hatari ni kubwa zaidi. M23 waliuteka mji wa Masisi Januari 2025, na mji wa Walikale Machi 2025 kabla ya kuuacha. Wazalendo na makundi mengine wako vijijini. Katika vita kama hii, kujua nani katoka wapi, kabila gani, na ndugu yake yuko kambi gani, ni silaha.

Jambo hili limekwisha kutokea. Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, CICR, lina kazi ambayo Kivu inaijua vizuri: kutafuta watoto na wazazi waliopotezana wakati wa kukimbia. Tarehe 9 Novemba 2021, wadukuzi waliingia katika seva za kazi hiyo, zilizotunzwa Uswisi. Waligunduliwa tarehe 18 Januari 2022. Ni siku 70. Habari za watu zaidi ya 515,000 wa dunia nzima zilifikiwa.

Waliingiaje? Programu moja ilikuwa na tundu. Kiraka cha kuliziba kilikuwa kimetolewa, lakini hakikuwekwa kwa wakati. Wakiwa ndani, walijifanya watumiaji halali. Hapo ndipo penye fundisho: mwizi wa wingu mara nyingi havunji ukuta. Anaingia na ufunguo, anafanana na mfanyakazi.

Kwa hiyo kufuli peke yake haitoshi. Lazima awepo anayekesha. Kila mashine inaandika nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, na amechukua nini. Ajenti wa Sake ambaye kila siku anafungua jamaa ishirini, kama saa nane ya usiku anaonekana ameingia kutoka nchi nyingine na kupakua jamaa elfu kumi, hiyo ni alama ya hatari. Programu zinaweza kupiga kengele palepale. Lakini kengele isiyosikilizwa na mtu ni sawa na sentinele aliyelala.

Mashirika mengine yanadhani kwamba yakiisha kulipa kampuni ya wingu, ulinzi umekwisha. Hapana. Kampuni inalinda jengo na mashine. Mwenye orodha anabaki na kazi ya kulinda funguo, na kuchagua nani anaruhusiwa kuingia.

Tutaambiwa kwamba pesa ni kidogo na watu wana njaa. Ni kweli, chakula kwanza. Lakini kufunga akaunti ya ajenti siku mkataba wake unapoisha hakuhitaji mamilioni. Kuomba uthibitisho wa pili juu ya neno la siri hakuhitaji mamilioni. Kufuta orodha isiyo na kazi tena, pia. Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa Februari 2025. Tusidhani orodha zake zilivunjika pamoja nazo.

Kongo ina Sheria ya Kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za watu. Lakini pale ambapo serikali yenyewe haifiki, sheria inafika vipi? Ndiyo maana tunayaomba mashirika yasingoje kulazimishwa. Yaseme wazi orodha za Masisi na Walikale zinakaa wapi, nani anazikesha usiku na mchana, na zikiguswa wenye majina wataambiwa baada ya siku ngapi.

Kuambiwa kunawezekana. CICR ilipogundua wizi ilitangaza hadharani ndani ya siku chache, ikapiga simu, na ikatuma watu mpaka vijiji vya mbali kueleza uso kwa uso. Shirika lenye aibu lingenyamaza.

Na wewe unayepanga mstari ili uandikwe, una haki ya kuuliza: jina langu linakwenda wapi? Atakayeshindwa kujibu hajawa tayari kulibeba.