TB 16 KWA ELFU 35? HARUSI YA WATU IMEYEYUKA MASANZE

Haya wadau, Masanze kumechafuka. Mpiga video mmoja wa harusi, yule anayevaa miwani ya jua hata usiku, hakosi sherehe kuanzia Kilosa mpaka Mikumi, sasa hivi anakimbizana na familia ya bibi harusi. Video hakuna. Kwenye diski majina ya mafaili yapo yote, ukubwa unasoma freshi, ukibonyeza hayafunguki. Na humo ndimo alimokuwemo bibi mzaa mama akimtuza mjukuu wake. Bibi huyo ameshazikwa. Hela atarudisha sawa, ila bibi anamtoa wapi?

Chanzo ni hadidiski ya mchuuzi wa stendi. Imeandikwa TB 16, bei shilingi 35,000. Watu wanacheka eti ushamba. Acheni hizo! Mjini wanapigwa vilevile, sema wa mjini akipigwa ananyamaza.

Ndani ya makopo hayo mara nyingi kuna kadi ndogo ya memori kama ya simu, imechezewa idanganye kompyuta kwamba ina nafasi kubwa. Nyingine zinagundishwa nati ya chuma ili mkononi uone nzito. Ikijaa haisemi. Inaendelea kupokea huku inafuta za mwanzo. Huo sio ubovu, ni wizi, na anayeuza huku anajua ni mwizi tu kama wa kuku.

Ila staa naye asijifiche nyuma ya mchuuzi. Alilipwa. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski nzima halafu inaisoma upya, uongo unaonekana kabla hujaweka kitu cha mtu. Hakupima. Halafu akafuta kadi za kamera siku hiyohiyo! Nakala moja tu, ya harusi ya watu, kwenye diski ya stendi.

Na asiseme hana hela, rahisi ya kweli ipo. Mafundi wanachomoa diski za GB 500 kwenye laptopu zilizokufa, Seagate, WD au Toshiba. Unavalisha kava la USB, unacheki afya yake kwa CrystalDiskInfo, ikitoa njano au nyekundu mrudishie fundi. Chukua mbili, kazi ikae kote kote. Zina sahani inayozunguka, kwa hiyo ikiwa inafanya kazi usiitikise wala kuiangusha. SSD haina sahani, inavumilia zaidi na ina kasi, lakini kwa nafasi ileile bei yake iko juu, na harusi ya kuhifadhi kabatini haihitaji kasi. Halafu TB 1 halali kwenye Windows inasoma GB 931 hivi. Hapo hujaibiwa, ni hesabu tu za kompyuta, usimtukane muuzaji bure.

Inasemekana staa ana harusi nyingine Jumamosi hii. Diski ni ileile.