Trauti wa kilindini hana haraka

Mvuvi mgeni kwenye Ziwa Michigan huhangaika na rangi ya chambo kabla hajajua samaki yuko kina gani. Anaanzia mkiani. Trauti wa ziwa, ambaye si yule wa mito ya Mlima Kenya, hupenda maji ya nyuzijoto 10 hivi, na wakati wa kiangazi huenda akawa mita 30 chini au zaidi.

Mashua ikitembea, mshipi mtupu haufiki huko. Ndiyo maana wenyeji hufunga winchi ya waya yenye tufe la risasi la kilo 5 hivi. Mshipi hubanwa kwenye kibanio karibu na tufe. Samaki akiuma, unachomoka, na mvuvi hubaki akipambana na samaki tu. Wengine huchagua mshipi wa shaba, unaozama wenyewe.

Chambo? Kijiko chembamba cha chuma, au kibao kinachometameta kikitangulia chambo kidogo kinachozunguka. Tufe likigusa tope si hasara: tope linalotibuka humvuta trauti anayewinda samaki wadogo waitwao gobi hapo chini.

Mwendo wa mashua ni kama kilomita 3 kwa saa. Kwa injini kubwa, kwenda polepole hivyo ni taabu, ndiyo maana baadhi ya wavuvi huburuta mifuko ya turubai majini kupunguza kasi.